Jinsi ya kujua kama chekechea au deikea ni nzuri kweli kabla hujalipa ada

Wazazi wenzangu, kila ikifika Novemba naulizwa swali lile lile, ticha nimpeleke wapi mwanangu Januari, na likijibiwa hilo linafuata la pili, je wanaongea kiingereza? Mi ni mwalimu wa awali, nimefundisha shule ya serikali nimefundisha na praiveti, na naandika hii kwa sababu naona watu wanakopa hela kulipia majengo yaliyochorwa katuni ukutani alafu mtoto anakaa humo mwaka mzima hajaulizwa anafikiria nini. Darasa zuri la watoto wadogo unaweza kulijua ndani ya nusu saa. Unaangalia vitu viwili tu kwanza: mtu mzima anaongeaje na mtoto, na mikono ya mtoto ina kazi gani. Mengine yapo na ntayasema, lakini haya mawili yakiwa mabovu hayo mengine hayasaidii kitu.

Kwanza nenda ukaone, na uende muda wa maana. Usiende siku ya wazazi wala siku ya mahafali, siku hizo kila mtu kavaa vizuri na watoto wamekaririshwa ngonjera wiki nzima. Piga simu sema unataka kuona darasa likiendelea, fika kama saa tatu asubuhi watoto wakiwa wametulia, kaa mpaka wanywe uji. Ofisini watakupa soda na karatasi ya ada, pokea, shukuru, alafu omba kuingia darasani. Kuna shule zinasema mgeni anawachanganya watoto na ni kweli, wa miaka mitatu mgeni akiingia wote wanamkimbilia, ila dawa yake ni kukaa pembeni kwenye kiti, kunyamaza, simu mfukoni. Dakika kumi hivi watoto wanakuzoea, na mwalimu naye anakuzoea, ndo unaanza kuona siku yao ilivyo. Wakikwambia mzazi haruhusiwi kabisa kuona darasa, hata dirishani, hata siku moja, mi hapo ningeaga nikaondoka.

Nikupe mfano wa kitu cha kuangalia. Mtoto wa miaka minne kaingia darasani kashika jani, juu ya jani kuna jongoo. Mwalimu kachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamuuliza umemtoa wapi huyu, akanyamaza akasubiri. Mtoto akasema kule kwenye migomba. Unadhani alikuwa anafanya nini kule? Mtoto kafikiria weee, akasema alikuwa analala, mama yake kaenda sokoni. Mwalimu hakumcheka wala hakumsahihisha, akauliza sasa tutajuaje kama ameamka, na hapo wakaja wengine wanne wakamuweka jongoo sakafuni wakaanza kuhesabu miguu, wakapotea, wakaanza tena, wakapotea, mmoja akasema ana miguu mingi kuliko sisi wote tukijumlisha na ticha. Wakamrudisha kwenye migomba, wote wakaenda kunawa mikono na sabuni. Mule ndani kuna lugha, kuna hesabu, kuna sayansi, kuna kusubiriana zamu, na chaki haijaguswa. Sasa kwenye darasa lingine mtoto huyo huyo na jongoo yule yule anaambiwa tupa uchafu huo nenda kakae. Basi, imeisha, na kesho hataleta kitu tena.

Kwahiyo ukiwa umekaa pale sikiliza maswali. Mwalimu anauliza maswali ambayo mtoto anaweza kujibu anavyojua mwenyewe, au ni yale ya "hii ni niniii" na darasa zima linaitikia kwa pamoja? Akishauliza, anasubiri au anajijibu? Anawaita kwa majina? Mtoto mkimya aliyekaa nyuma kuna mtu kaongea nae asubuhi hiyo? Hiki kitu wataalam wanakiita malezi yenye mwitikio, ni moja ya nguzo tano kwenye mwongozo wa malezi ambao WHO, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa 2018 (nyingine ni afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema) na Tanzania tumezichukua hizo hizo kwenye programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021. Maana yake ni rahisi, mtoto akitoa neno au kilio au kidole kuonyesha kitu, mtu mzima anapokea na kurudisha. Hata kwa mtoto wa miezi nane deikea ni hivyo hivyo, dada anayembadilisha pampasi huku anaongea nae na kumuangalia usoni anamfundisha, anayembadilisha huku yuko kwenye simu anambadilisha pampasi tu.

Kuitikia kwa pamoja kunawadanganya wazazi wengi sana kwa sababu kunapendeza masikioni. Mtoto anahesabu moja mpaka mia bila kukosea, bibi anapiga vigelegele. Mpe kazi ndogo, mwambie kaniletee vijiko vinne. Akileta konzi nzima ya vijiko, ujue ile mia ni wimbo anaujua, idadi bado. Simlaumu mtoto hata kidogo, yeye kakariri alichopewa. Darasa linalojua kazi yake linampa vizibo vya soda, mbegu, vijiti, anagawa, anapanga vikubwa na vidogo, anagawia wenzake kila mtu kimoja na kimoja kikizidi anauliza hiki cha nani. Hesabu zinaanzia hapo.

Kuhusu michezo na vifaa

Watu wanadhani chekechea nzuri lazima iwe na bembea za plastiki za rangi na tableti. Wapi! Angalia kwanza kama vitu vya kuchezea viko chini, mtoto anavifikia mwenyewe, au viko juu ya kabati vimefungwa na nailoni havijawahi kuguswa. Angalia kama kuna muda mrefu, angalau saa nzima, ambao mtoto anachagua mwenyewe anachofanya, na mwalimu anazunguka anachuchumaa anaongea nao, sio kakaa mezani anasahihisha madaftari.

Pwani yetu hii ina mfano mzuri kabisa. Mpango wa chekechea unaoitwa Madrasa ulianza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation baada ya wazazi wa Kiislamu kutaka watoto wao waingie shule wakiwa wameandaliwa vizuri bila kupoteza dini na utamaduni wao, ukaenda Zanzibar na Uganda. Ukiingia kwenye madarasa yale unakuta kona kona, kona ya nyumba ina vifuu, mbuzi ya kukunia nazi na vitambaa vya kanga, kona ya vitabu, kona ya kujengea ina vipande vya mbao, vyote vya hapa hapa na vingi wameleta wazazi wenyewe. Mtoto anapanga atacheza nini, anacheza, alafu anakuja kuwaeleza wenzake kafanya nini. Huo utaratibu wa kupanga, kufanya na kueleza wameuchukua kwa HighScope, shirika la elimu ya watoto wadogo la Marekani, ambalo mwanzilishi wake David Weikart ndo aliyeanzisha pia ile Perry Preschool kule Ypsilanti, Michigan, mwaka 1962. Pale walichukua watoto 123 wa familia maskini za watu weusi, kundi moja likapata chekechea nzuri na lingine halikupata, wakawafuatilia mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40, na waliopata walikuwa wamesoma mbele zaidi, wanaingiza kipato kikubwa zaidi na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Na kitu walichofanya mule darasani ni hicho hicho ninachokwambia, waalimu wachache waliosomea wanaokaa chini na watoto na kuwauliza umepanga kufanya nini leo, tena na kwenda kuwatembelea wazazi nyumbani kila wiki.

Kwahiyo mtoto akirudi kachafuka mchanga na gundi usikasirike. Akirudi kila siku msafi kama alivyoenda, uliza walifanya nini kutwa nzima. Na kama jibu ni katuni, yaani tivii imewashwa toka asubuhi, mtoto ungeweza kumuachia katuni nyumbani bure.

Kibao kikiandikwa Montessori usiishie hapo. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907 na njia yake ni nzuri ikifuatwa, lakini jina lenyewe halina mwenyewe, yeyote anaweza kulichora getini. Uliza mwalimu kasomea wapi hiyo Montessori. Ingia uone kama watoto wa umri tofauti wako pamoja, kama kila mmoja anachukua kazi yake kwenye trei anaifanya kwenye mkeka wake mpaka anaridhika alafu anairudisha mahali pake. Ukikuta wamepangwa mistari wanaitikia ubaoni, hapo Montessori imebaki kwenye kibao.

Kiingereza

Najua hapa ntagombana na watu. Sisemi mtoto asijifunze kiingereza, watoto wanashika lugha haraka na wako wanaokua na tatu nyumbani bila shida. Ninachosema ni hiki: sikiliza mwalimu mwenyewe anakiongea vipi. Kama kiingereza chake ni "sit down", "keep quiet", "very good" basi mtoto wako atakuwa anasikia sentensi hizo tatu kutwa nzima badala ya hadithi, utani, maelezo na maswali ambayo angeyapata kwa kiswahili. Na ukikuta mtoto wa miaka minne anavalishwa kibao shingoni au anachapwa kwa kuongea kiswahili ambacho mama yake ndo anachoongea nae, toka. Mtoto aliyefundishwa kuona aibu akifungua mdomo ataacha kufungua mdomo kwa lugha zote mbili. Shule nzuri ya inglish midiamu utaijua, mtoto mgeni akisema "ticha nataka kukojoa" anajibiwa kwa upole na kupelekwa, kiingereza atakisikia taratibu.

Na homuweki ya kuandika kurasa mbili za "a" kwa mtoto wa miaka mitatu naomba muikatae kwa heshima. Mkono wake bado haujawa tayari, kufinyanga udongo na kukata karatasi na kushona shanga ndo vinauandaa. Bora asomewe hadithi usiku, hata ile ya paukwa pakawa ya kichwani.

Idadi

Kwa darasa la awali kiwango cha serikali Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Kwa wachanga na wa mwaka mmoja miwili inatakiwa pungufu ya hapo sana, kule Marekani chama cha elimu ya watoto wadogo, NAEYC, kinachotoa ithibati kwa vituo kinataka mtu mmoja kwa wachanga wanne, na ukimuwaza mtu mwenye wachanga wanane peke yake mmoja kacheua, mmoja analia njaa, mmoja anatambaa kuelekea mlangoni, unaona mwenyewe kwanini. Usiulize idadi ofisini, hesabu vichwa mwenyewe, na hesabu watu wazima waliomo ndani muda huo, sio walioko kwenye orodha.

Na waulize waalimu, una muda gani hapa? Kama kila mmoja ana miezi miwili mitatu, jua kuna kitu kinawakimbiza, mara nyingi ni mshahara. Mtoto mdogo akishamzoea mtu alafu akapotea, akaja mwingine, akapotea, anaumia. Mi ningechagua deikea ya chumba kimoja yenye mama yule yule miaka mitano kuliko jengo la ghorofa linalobadilisha madada kila mwisho wa mwezi.

Choo, uji, geti na basi

Omba kwenda chooni, choo cha watoto. Tundu likiwa kubwa mtoto anaogopa kutumbukia na anabana mkojo kutwa, tafuta penye matundu madogo au poti zinazooshwa. Maji yapo? Sabuni ipo au kuna kopo tupu? Alafu uliza swali hili, mtoto akijikojolea mnafanyaje? Jibu zuri ni fupi, tunambadilisha pembeni bila wenzake kumcheka, nguo za akiba zipo kwenye begi lake. Ukisikia tunamuaibisha kidogo ili akome, umeshapata jibu. Uliza pia nani anawapeleka chooni na kama mlango unaonekana na mtu mwingine.

Uji uone unavyogawiwa, wananawa kwanza? Anayekula polepole anasubiriwa au anafokewa? Angalia jiko la mkaa liko wapi, ndoo za maji na simtank zina mifuniko, karo limefunikwa, geti linafungwa na nani. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na siku ukija wewe mwenyewe kwa mara ya kwanza kumchukua angalia kama wamekuuliza we ni nani. Wakikupa mtoto bila swali, watampa na mwingine.

Basi la shule ndo linaniuma zaidi hasa kwa sisi wa Dar, mtoto wa miaka minne anaamshwa saa kumi na nusu usiku, kumi na moja kasimama barabarani na dada, anafika shule saa moja na nusu amechoka kabla hata hajaanza. Hakuna mtaala unaofidia usingizi wa mtoto mdogo. Kama unaweza, chagua ya karibu hata kama ya mbali ina jina zaidi. Ukilazimika basi, uliza kama kuna matroni ndani, kila mtoto ana kiti chake au wanapakatana, na nani anakagua viti vyote gari ikifika kuhakikisha hakuna aliyelala akabaki.

Fimbo. Ukiiona mezani darasa la awali usihitaji kuuliza. Kenya sheria ya elimu ya msingi ya 2013 imekataza kabisa adhabu ya viboko shuleni. Lakini hata pasipo na fimbo angalia mwalimu akinyanyua mkono ghafla kuonyesha kitu, watoto wanajikunyata? Hiyo inatosha kukwambia. Na sikiliza vitisho, "ntakufungia stoo", "ntamwambia mama yako hakupendi". Mwalimu anayejiweza anamtoa mtoto kwenye ugomvi, anamshika mkono, anamwambia wewe umekasirika, mwenzako ameumia, sasa tufanyeje.

Karatasi zipitie haraka. Tanzania Bara vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, madarasa ya awali yako chini ya elimu, na Kenya chekechea ziko chini ya kaunti toka katiba ya 2010. Omba kuona cheti, wenye nacho wanakionyesha kwa furaha. Hakithibitishi malezi, ila anayeendesha bila usajili hana anayemkagua.

Kama huna hela ya kuchagua

Wengi tuko hapa na sitaki mtu asome haya alafu ajione anamnyima mtoto. Toka elimu bila ada ianze 2016 madarasa ya awali ya serikali yalijaa sana, utakuta themanini, mia na mwalimu mmoja. Lakini hata hapo kuna tofauti kati ya shule na shule za kata moja, zizungukie. Nimeona walimu wa serikali wanaowagawa watoto makundi, wengine nje kwenye mchanga na mzazi wa kujitolea, wengine ndani na yeye, kuta zimejaa makopo na maboksi waliyookota, na wanafanya kazi nzuri kuliko nasari za milioni. Muulize mwalimu anahitaji nini. Vizibo, makopo yasiyo na ncha kali, vitambaa, maboksi, saa moja ya kuja kusimulia hadithi Ijumaa, hivyo vinabadilisha darasa la watoto mia kuliko unavyodhani.

Mtoto mwenye ulemavu au aliyechelewa kuongea, uliza mapema na uangalie uso wa anayekujibu. Pazuri watakuuliza anapenda nini, anatulizwaje, anaonwa kliniki gani. Pabaya watakwambia tutaona kama ataendana na wenzake.

Akishaanza

Kulia getini wiki mbili tatu za mwanzo ni kawaida na hakukwambii kitu kuhusu shule, cha kuangalia ni dakika ngapi baada ya wewe kuondoka ananyamaza na nani alimbeba, na shule nzuri itakuruhusu ukae nae siku za mwanzo ukipunguza muda kidogo kidogo. Kitu cha kukushtua ni mtoto aliyekuwa ameshazoea akaanza tena kukojoa kitandani, akamuogopa mtu mmoja kwa jina, akaacha kuongea, akarudi na njaa kali kila siku. Usimuulize "leo umefundishwa nini", hajui ajibu nini. Muulize ulikaa na nani, nani alilia leo, ticha alikasirika na nini, mlicheka nini.

Ukiona kitu hakijakaa sawa anza na mwalimu wake ana kwa ana, sio kwenye grupu la WhatsApp, na sio asubuhi pale getini akiwa anapokea watoto ishirini, omba dakika kumi mchana watoto wakiwa wamelala, sema ulichokiona kwa macho yako. Ila kama ni kupigwa kwa kuumizwa au kuguswa vibaya usimsubiri mwalimu wala mwenye shule, nenda ustawi wa jamii wa halmashauri yako au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, ni bure, na inafanya kazi Bara na Zanzibar, na Kenya pia ni hiyo hiyo.